Kuombwa Msaada Barabarani Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitoka Kariakoo hadi Posta kwa miguu, utaombwa. Ataomba kipofu aliyeshikwa mkono na mjukuu, ataomba kijana aliyevaa vizuri kuliko wewe anayedai ameibiwa stendi, ataomba mama mwenye bahasha ya hospitali, na ukiwa ndani ya gari atakuja mtoto kufuta kioo ambacho hukumwambia akifute. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila watu wanapoanza kubishana jambo hili, vijiweni, ofisini na ndani ya daladala. Majibu ni ya mtu anayetembea mjini kila siku. Pale sheria inapohusika, nimeitaja.

Mtu ananisogelea na kusema, "Samahani kaka, nina shida kidogo." Nisimame au nipite?

Kama ni mchana na watu wapo, itikia. Kwetu hapa, kumpita mtu aliyekusalimia kana kwamba ni nguzo ya umeme kunauma kuliko kumnyima hela. Na mzee anayeomba bado ni mzee: shikamoo yake iko palepale, hata kama huna cha kumpa. Kuitikia salamu hakukufungi kutoa chochote.

Begi livute mbele, simu ibaki mfukoni, na usikubali kusogezwa pembeni "tukaongee vizuri pale kwenye kivuli". Mwenye shida ya kweli ataieleza hapohapo mliposimama. Usiku, kwenye kituo kisicho na taa, jibu huku unatembea.

Nitajuaje kama anasema kweli?

Mara nyingi hutajua, na hapa ndipo watu wanapojitesa bure. Taa nyekundu ya Fire au Morocco haikupi muda wa kuendesha kesi, kusikiliza mashahidi na kutoa hukumu. Nguo safi si ushahidi wa uongo; huenda mtu amezifua usiku ili asubuhi asionekane hovyo. Machozi nayo si ushahidi wa ukweli.

Nadhani swali lenyewe limekaa vibaya. Jiulize hivi: nikitoa hiki halafu ikaja kuwa ni uongo, nitapungukiwa nini? Sarafu ya 200 au ya 500 ikiliwa na mjanja, umepoteza chini ya nauli ya daladala, ambayo kwa safari fupi ya mjini ilipanda kufika shilingi 600 mwishoni mwa 2023. Kwa kiasi hicho huhitaji upelelezi. Akiomba elfu ishirini, maswali yaongezeke kadiri pesa inavyoongezeka, na asiyetaka kuulizwa maswali kwa elfu ishirini yako amekurahisishia kazi.

Watu wanaotoa bila kusononeka baadaye nimewaona wana kawaida moja: wameshaamua wakiwa nyumbani. Sarafu kadhaa zinakaa mfuko wa nje au kwenye kipochi kidogo, zikiisha, zimeisha. Kuna na faida ya usalama, kwamba hufungui pochi yenye noti za elfu kumi katikati ya Mtaa wa Msimbazi.

Kijana anasema ameibiwa kila kitu, anataka nauli ya kurudi Mbeya. Nimsikilize?

Hii ndiyo hadithi kongwe kuliko zote, na ubaya wake ni kwamba huwa kweli mara kwa mara. Watu huibiwa stendi. Watu hushuka kwenye basi usiku, na ndugu aliyeahidi kuwapokea hapatikani kwenye simu. Matapeli wanaipenda kwa sababu hiyohiyo: imejengwa juu ya jambo linalowatokea watu.

Njia safi ni kulipia safari badala ya kutoa hela mkononi. Mabasi mengi ya mikoani huanzia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na tiketi huandikwa jina la abiria. Kama una nafasi, nendeni kwa wakala akakatiwe kwa jina lake. Kama ni safari ya hapahapa mjini, zungumza na konda mwenyewe: "Nauli ya huyu hii hapa, mshushe Rangi Tatu." Makonda wamezoea, na wengine humpakia mtu bure ukiwaomba vizuri.

Angalia anavyolipokea wazo hilo. Mwenye safari atauliza basi linaondoka saa ngapi. Mwenye hadithi ataanza kuongeza sura: tiketi ameshashikiwa na rafiki, kimebaki elfu nane tu, wakala anapokea kwa simu peke yake, halafu ghafla anakumbuka ana shangazi Chalinze.

Ukishamgundua, usimkamate na usimpigie kelele. Nalisema hili kwa uzito. Katika mji huu neno "mwizi" likipazwa kwa sauti linaweza kumuua mtu kabla hujamaliza kueleza kwamba mlikuwa mnazungumzia nauli. Sema "samahani, sitaweza", uondoke.

Mama ana cheti cha hospitali na orodha ya dawa. Nikikisoma nitagundua ukweli?

Utagundua kwamba kuna karatasi. Cheti kinaweza kuwa halali na kikawa cha mwaka juzi, au cha mtu mwingine. Ukitaka kukagua, anza na tarehe, kisha jina, kisha mhuri. Lakini kuna njia fupi zaidi: duka la dawa liko wapi? Nenda naye ununue dawa moja au mbili zilizoandikwa. Muuzaji ataisoma karatasi hiyo vizuri kuliko mimi na wewe tunavyoweza. Ukihofia kwamba dawa itarudishwa dukani ikageuzwa pesa, mwombe muuzaji aifungue paketi.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui. Hospitali za umma kama Muhimbili, Amana, Temeke na Mwananyamala zina ofisi ya ustawi wa jamii, na sehemu ya kazi yake ni kumhoji mgonjwa asiye na uwezo na kupendekeza apewe msamaha wa gharama. Kwa sera, watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa kuanzia miaka 60 wasio na uwezo wanastahili msamaha. Sera na dirisha la dawa ni vitu viwili, najua. Jibu la "hamna, kanunue nje" tumelisikia wote. Hata hivyo, kumwelekeza mtu kwenye mlango wa ustawi wa jamii kunaweza kumwondolea deni ambalo sarafu za barabarani zisingelifikia hata kwa mwezi mzima. Mzazi mwenye mtoto wa kichwa kikubwa au mgongo wazi mwelekeze MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, ambako magonjwa hayo hufanyiwa upasuaji. Asikae juani na mtoto akingoja michango.

Anayesema amepigwa au amegongwa na anataka "hela ya PF3", mwambie fomu hiyo ya polisi hutolewa bure.

Mshamba mmoja aliniuliza njia, akanionyesha dhahabu. Huyu naye ni mwombaji?

Huyu ni mwalimu wa ile shule inayoitwa mjini. Mchezo wake ni wa miaka mingi na bado unakula watu Kariakoo. Anakuja mtu mwenye lafudhi ya mbali na viatu vya vumbi, anauliza duka la Mhindi fulani. Anataka kuuza kipande cha madini, au ana dola ambazo hajui thamani yake. Ukiwa unamwelekeza, anapita mtu wa pili, mtanashati, anajifanya hamjui yeyote kati yenu. Anakuvuta pembeni: "Kaka, hii ni mali, huyu hajui, tumpe laki mbili tugawane." Kuanzia hapo wewe ndiye unayeombwa bila kujua kwamba unaombwa.

Alama yake ni moja. Ombaomba anakuomba umpe, basi. Tapeli anakuomba umsaidie na wakati huohuo anakuahidi faida. Msaada wa barabarani ukianza kuwa na faida kwako, geuza miguu. Wengi waliolizwa namna hii husimulia baadaye kwamba "walipuliziwa dawa". Sitabishana nao, ila tamaa nayo hufanya kazi nzuri bila kupuliziwa chochote.

Mtu anaomba apige simu, yake imezima chaji. Nimpe?

Mwambie akutajie namba, ipige wewe, weka sauti ya nje, simu ibaki mkononi mwako. Anayemtafuta ndugu yake ataridhika. Simu ya siku hizi ni benki, usimkabidhi mtu usiyemjua.

Ndugu wa ombi hilo ni hili: "Naomba nikutumie elfu thelathini kwenye simu, unipe taslimu, mawakala wamefunga." Ujumbe unaingia, unafanana kabisa na wa kampuni ya simu, na hakuna kitu. Usisome ujumbe, angalia salio. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe kwenda 15040, ni bure.

Nimpe chakula badala ya pesa?

Ukiwa nacho, na akikitaka. Muulize. Aliyekwisha pewa maandazi na wapita njia watatu huenda anahitaji sabuni au hela ya kulala. Na tafadhali, mabaki ya chipsi yaliyokushinda usiyaite sadaka.

Mtoto anagonga kioo cha gari. Moyo unauma. Nimpe?

Hapa msimamo wangu unabadilika. Mtu mzima nitampa bila kumhoji. Mtoto simpi pesa.

Tazama ng'ambo ya barabara, chini ya mti au kwenye ukingo wa jengo. Mara nyingi yupo mtu mzima anayesubiri. Sarafu unayoipitisha dirishani inamfanya mtoto huyo awe na faida zaidi akiwa kwenye taa kuliko akiwa darasani. Na shule za serikali hazitozi ada, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, tangu Januari 2016. Anayebaki nje siku hizi mara nyingi amekwama kwenye sare, daftari, au mzazi anayemhitaji barabarani. Kuna wanaonijibu kwamba mtoto akirudi mikono mitupu jioni atachapwa. Ni kweli inatokea, na sina jibu linalolainisha hilo. Ila akirudi na elfu tano, kesho atarudishwa palepale.

Mpe maji, mpe kitu cha kula akile mbele yako, mwite kwa upole. Kisha piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, ukiwa Kenya ni namba hiyohiyo. Taja mahali, saa, umri wa kukadiria, na kama kuna mtu mzima anayemsimamia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, kwa hiyo kupiga simu si umbea.

Anayelala peke yake Feri au stendi ni suala jingine. Wengi wamekimbia kitu nyumbani. Usimbebe kwenda naye kwako kwa huruma ya usiku mmoja. Hujui atakavyoelewa, na majirani hawajui watakavyokuelewa wewe. Mpeleke kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Kipofu anayeongozwa na mtoto ndiyo kesi inayonishinda. Mzazi anahitaji macho na mtoto anahitaji shule, wote wawili wana haki. Mimi humpa mzazi mkononi mwake, nikamuuliza mtoto anasoma wapi. Swali hilo peke yake limewahi kuzua mazungumzo marefu.

Ni kosa kisheria kuomba?

Kwenye vitabu, ndiyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 176, imemweka anayeomba hadharani, pamoja na anayemtuma mtoto kuomba, kwenye kundi la watu wazembe na wazururaji. Kifungu hicho hakimzungumzii anayetoa. Kanuni hiyo ni ya mwaka 1945, enzi ya Mwingereza, na ukisoma maneno yake unaisikia Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya 1824.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa nchini, Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Walioomba maoni hayo ni Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Maoni ya ushauri hayafuti sheria ya nchi, lakini askari wa jiji anapomsukuma bibi ndani ya karandinga, si vibaya kujua kwamba majaji waliokaa Arusha wameshalitazama jambo hilo.

Ni kweli ombaomba wote wanatoka Dodoma?

Wote, hapana. Baadhi ya waliozoeleka katikati ya mji kwa miaka mingi wametoka huko, akiwamo yule mmoja mashuhuri ambaye jina lake liligeuka jina la utani la kila anayeomba. Lakini kulifanya hilo kuwa tabia ya kabila ni uvivu wa kufikiri.

Dodoma ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mvua ikikosea, hakuna vuli na masika za kufidiana kama Tanga au Kilimanjaro. Kutoka kwenda mbali kutafuta chakula mwaka wa njaa ni mbinu ya kale ya kubaki hai Ugogo. Njaa wanayoiita Mtunya, ya kati ya 1917 na 1920, iliwakuta watu baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Hao hawakuwa wavivu, walikuwa wamenyang'anywa.

Hiyo ndiyo sababu operesheni za kuwarudisha makwao hazidumu. Mwaka 2016 mkoa ulitangaza kuwaondoa ombaomba jijini, na haikuwa mara ya kwanza. Basi linawafikisha kijijini, lakini halibebi mvua.

Naogopa kumshika mkono mtu aliyekatika vidole. Nitaambukizwa?

Hapana. Vidole hivyo kwa kawaida ni makovu ya ukoma uliokwisha kutibiwa: ugonjwa huua mishipa ya fahamu, mtu anaungua na kujikata bila kuhisi, na miaka inapita. Aliyetibiwa haambukizi, na salamu ya mkono hailetei mtu ukoma. Dawa mseto za ugonjwa huu zimekuwa zikitolewa bure duniani kote tangu 1995. Mwekee sarafu kiganjani, usimrushie.

Na teja anayeomba mia mbili?

Huenda inakwenda unakojua. Ukitaka kumpa, mpe, usipotaka, usimtukane. Kama anakusikiliza, mwambie kwamba kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, ilianza Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na dawa ni bure. Baadhi ya wanaofanya kazi mjini leo walipitia foleni ile.

Kwa nini Ijumaa wanakuwa wengi hivi?

Kwa sababu Ijumaa ni siku ya sadaka, na wenye maduka wa Kisutu, Upanga na Kariakoo wengi huweka sarafu tayari kaunta tangu asubuhi. Masikini wanajua ratiba, wanapita duka hadi duka, kila mmoja anapewa chake bila maelezo. Utaratibu huu una heshima yake: hakuna anayelazimishwa kusimulia ugonjwa wake ili apate mia. Kurani, Surat Dhuha, inakataza kumkaripia anayeomba, na Al-Baqara aya ya 263 inaweka kauli njema juu ya sadaka inayofuatiwa na maudhi. Mkristo naye ana Mathayo 6, kutoa bila kupiga tarumbeta.

Tarumbeta ya siku hizi ni kamera. Ukimrekodi mtu akipokea mchele wako, umemlipisha sura yake.

Nikataeje bila kuonekana katili?

Kwa maneno machache. "Samahani mama, leo sina la kukupa." "Mungu akufungulie, mzee." Usieleze kodi, ada za watoto na mshahara uliochelewa, anayeomba hakuja kusikiliza bajeti yako. Na usiahidi "nikirudi", kwa sababu atakungoja.

Kuna mzee ninayemwona kila siku kona ileile. Naweza kufanya zaidi ya sarafu?

Anza kwa kumuuliza jina na anakolala. Kama ana makazi, hata chumba cha kushirikiana, serikali ya mtaa wake inaweza kumwingiza kwenye orodha ya kaya zinazojadiliwa kwa ajili ya ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Majina hupitishwa kwenye mkutano wa wananchi, na asiyejulikana mtaani hapiti. Kama hana kabisa mtu wala mahali, ofisa ustawi wa jamii wa manispaa ndiye anayeshughulikia makazi ya wazee, kama yale ya Nunge, Kigamboni. Wengine hawataki kwenda huko, na wana sababu zao: wamezoea watu, wana mjukuu wa kumtumia hela, hawataki kupangiwa saa ya kulala. Ni haki yao.

Ukienda ofisi ya mtaa, nenda naye, na mwende asubuhi. Swali la kwanza la mjumbe litakuwa anaishi kwa nani, na hilo wewe huwezi kumjibia.